Kivuli cha Diski na Chuo cha Pate

Kazi ya kunakili ni kazi ya kale katika visiwa vya Lamu. Siyu, mji ulioko kisiwani Pate, ulisifika katika karne ya 18 na ya 19 kwa waandishi wake walionakili misahafu na vitabu vya elimu kwa kalamu za matete. Pate ndiko Bwana Mwengo wa Athumani alikotungia Utendi wa Tambuka mwaka 1728, na ni katika kisiwa hicho alikozaliwa Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemwachia bintiye, Mwana Hashima, wasia wa utendi mwaka 1858. Tungo hizi hazikuwafikia wanafunzi wa leo kwa uhodari wa watunzi wake peke yake. Zimewafikia kwa kuwa walikuwapo watu wengine, aghalabu wasiotajwa majina, waliokaa kitako, wakachonga kalamu, wakanakili.

Siku hizi kunakili kumepata sura nyingine ambayo mwanafunzi wa Kiswahili huipita kando akidhani kuwa ni mambo ya mafundi. Mafundi wenyewe huiita snepushoti. Ni ile hali ya diski ya tarakilishi kama ilivyokuwa katika nukta moja ya wakati, iliyowekwa ili iweze kurejewa. Hapa itaitwa kivuli cha diski, na jina hili halikuchaguliwa kwa ajili ya utamu wake. Watu wa ofisini wamekwisha kuizoea nakala-kivuli, ile inayotoka katika mashine ya fotokopi, ingawa kwa kweli nakala hiyo haistahili jina hilo: ukiichoma karatasi ya asili, fotokopi hubaki. Kivuli cha diski ndicho kivuli hasa. Mwili ukiondoka, nacho huondoka.

Diski zenye vivuli vya namna hii aghalabu ni diski pepe. Neno pepe limeingia katika istilahi za tarakilishi kwa mlango wa barua pepe, na huenda walioliteua walikuwa wakiufikiria upepo. Mkulima wa mpunga angewakumbusha kwamba pepe ni punje isiyo na kiini, ganda tupu. Maana zote mbili zinafaa. Diski pepe, ikitazamwa kutoka ndani ya tarakilishi pepe inayoitumia, ni diski kama diski nyingine. Ina sehemu zake, ina majalada yake, hujaa na hupungua. Ikitazamwa kutoka nje, si chuma wala si sahani inayozunguka. Ni faili tu, kubwa, iliyolala ndani ya diski ya kweli pamoja na faili nyingine. Na kwa kuwa ni faili, yawezekana kuifanyia yale yasiyofanyika kwa chuma: kuihamisha, kuifunga, kuirudisha nyuma.

Yuko kijana mmoja wa mtaa wa Langoni, mjini Lamu, aliyesomea tarakilishi Nairobi kisha akarejea kwao. Ami yake alikuwa na sanduku la karatasi za ukoo: hati za mashamba, barua za biashara, na tungo kadhaa zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Chumvi ya hewa na mchwa ni maadui wasiochoka katika visiwa hivyo. Jamaa wakakubaliana kurasa zote zipigwe picha, na wajuzi wawili wa khati waandike kando ya kila ukurasa usomaji wake kwa hati za Kirumi. Kijana akatengeneza tarakilishi pepe ndani ya mashine moja iliyokuwa nyumbani, akaziweka humo picha na usomaji, na kila usiku, kabla wajuzi hawajaanza kazi ya siku ya pili, programu ikawa inapiga kivuli.

Mwezi ulipokwisha, ami akauliza, "Sasa tuna nakala ngapi, mwanangu?"

"Moja, ami."

"Na hizo thelathini ulizoniambia?"

"Hivyo ni vivuli."

Jibu hilo halikumridhisha mzee, na ni haki yake kutoridhika. Watu wengi hudhani kwamba fundi anapopiga kivuli, diski yote hunakiliwa. La hasha. Hakuna kilichonakiliwa. Kinachotendeka ni kwamba faili ya awali hufungwa isiandikwe tena, na kando yake hufunguliwa faili changa iliyo tupu. Tangu saa hiyo kila badiliko huandikwa katika faili changa. Programu inapotaka kusoma, hutazama kwanza faili changa. Isipokuta kitu, hurejea kwa mzazi. Ndiyo maana kivuli cha diski ya gigabaiti 500 hupigwa kwa sekunde chache. Kikipigwa cha pili, ile faili changa nayo hufungwa ikawa mzazi, na nyingine hufunguliwa juu yake. Msomaji na afikirie chuo, yaani kitabu kwa usemi wa watu wa Lamu, kilichofunikwa kwa karatasi angavu. Mwenye kusahihisha haandiki juu ya chuo, huandika juu ya karatasi. Kesho huongezwa karatasi nyingine juu ya ile. Anayesoma kutoka juu huona maneno yote yamekaa mahali pake, bila kujua kwamba neno hili liko katika karatasi ya saba na lile bado liko chuoni. Mtu akikichomoa chuo kutoka chini, mkononi hubaki karatasi thelathini zenye maneno machache machache yanayoelea. (Zipo programu za hifadhi zinazofuata njia nyingine, za kukihamisha kando kipande cha zamani kabla ya kuandika juu yake. Utegemezi ni ule ule.)

Wanazuoni wa Lamu wana neno la kale kwa mfungamano wa namna hii: isnadi. Fulani alisoma kwa fulani, naye alisoma kwa fulani, hadi kumfikia mwenye chuo. Tofauti ni kwamba katika isnadi ya wanazuoni kila mmoja amekihifadhi chuo chote, na shehe akifariki mwanafunzi wake husomesha. Katika silsila ya vivuli hakuna aliyehifadhi zaidi ya mabadiliko ya siku yake. Kiungo kimoja kikiharibika, vyote vilivyokuja baada yake havisomeki.

Kuna na gharama ya pili. Kivuli huzaliwa kikiwa chepesi, lakini hukua. Kwa kadiri wajuzi wa khati walivyoandika na picha zilivyopangwa upya, faili changa zilinenepa, na inawezekana faili moja ya namna hiyo ikafikia ukubwa wa diski nzima iliyozaa. Mashine nayo hufanya kazi kwa uzito, maana huenda ikapita karatasi nyingi kabla ya kulipata neno moja. Kampuni ya VMware, ambayo programu zake zimeenea sana katika kazi hii, huwaonya watumiaji kwamba silsila isizidi vivuli 32, kwamba viwili au vitatu ndivyo vinavyofaa, na kwamba kivuli kimoja kisitumiwe kwa zaidi ya saa 72. Kijana aliyajua haya. Alimweleza ami kwamba nafasi inakwisha, na kwamba ni lazima vivuli viondolewe. Kuviondoa si kuvitupa. Programu huyachukua mabadiliko ya kila karatasi na kuyaandika katika chuo chenyewe, hadi kikabaki chuo kimoja kilichosahihishwa. Kinachopotea ni uwezo wa kurudi nyuma.

Hapo ndipo mzozo ulipoanza, na haukuwa mzozo wa kitoto.

Ami alikuwa ameona jambo ambalo fundi hakuliona. Katika hati za Kiarabu zilizotumika zamani kuandika Kiswahili, herufi ya b mara nyingi ilisimama pia mahali pa p, na alama moja ya irabu ilitosha kwa e na kwa i. Neno lililoandikwa kwa namna moja laweza kusomwa penda, na laweza kusomwa pinda. Katika ubeti mmoja mjuzi wa kwanza alisoma penda. Wiki mbili baadaye mjuzi wa pili akaja, akafuta, akaandika pinda, na maana ya ubeti mzima ikageuka. Usomaji wa kwanza haukubakia popote isipokuwa katika vivuli vya wiki zile mbili za mwanzo. Kuviondoa ni kumnyamazisha mjuzi mmoja. "Wewe wataka nafasi," mzee akasema, "na mimi nataka ushahidi."

Mwanafunzi yeyote aliyepata kulinganisha miswada atakuwa upande wa ami. Tofauti kati ya nakala ndizo zinazomwonyesha mhariri njia tungo ilikopitia. Lakini fundi naye hakukosea, na ukweli ni kwamba wawili hao walikuwa wakizungumzia vitu viwili kwa jina moja. Kivuli hujibu swali moja tu: jana palikuwaje? Hakijui ni nani aliyebadili, wala kwa hoja gani, wala kama alikuwa mjuzi au paka aliyepita juu ya kibodi. Usomaji unaoshindana na mwingine ni elimu, na mahali pa elimu ni ndani ya chuo, kando ya ubeti, pamoja na jina la msomaji na tarehe. Ukiachwa katika kivuli umezikwa. Kijana akaukubali ushahidi, akakataa kaburi. Kwa siku nne walivifungua vivuli kimoja kimoja, wakaokota kila usomaji uliofutwa, wakauandika pembezoni mwa ubeti wake.

Katika kazi hiyo waligundua jambo jingine. Kivuli kimoja kilikuwa na neno lililokatika katikati. Usiku ule mjuzi alikuwa amechelewa, bado anaandika, na programu haikumngoja. Mafundi hutofautisha kivuli kilichopigwa ghafla, ambacho ni kama mashine iliyokatikiwa na umeme, na kivuli kilichopigwa baada ya programu zote kutulizwa zikamaliza kuandika yaliyomo kumbukumbuni. Cha kwanza hufunguka, aghalabu, lakini hakiaminiki. Hasa pale penye hifadhidata, ambapo badiliko moja huandikwa mahali pawili au patatu na kivuli chaweza kunasa moja likakosa la pili. Waandishi wa khati walilimaliza tatizo hili zamani kwa neno dogo: tamati. Chini yake mwandishi alitia jina lake na tarehe. Nakala isiyo na maneno hayo yatia shaka kwamba huenda mwandishi aliitwa kula akasahau kurudi.

Ni katika siku hizo nne ambapo ami alikisimulia chuo cha Pate. Kisa chenyewe kinajulikana kwa wasomi wa historia ya pwani, ila aghalabu husomwa kama kisa cha wafalme, na hapa kinasomwa kama kisa cha hifadhi.

Habari za Pate ni tarikhi ya watawala wa ukoo wa Nabahani. Inasimuliwa kwamba chuo cha asili kilikuwa Witu, bara, walikohamia watawala wa ukoo huo walipokosa nafasi kisiwani. Mwezi wa Oktoba 1890, baada ya Wajerumani kadhaa kuuawa huko, Waingereza chini ya Admirali Fremantle waliushambulia mji wa Sultani Fumo Bakari na kuuteketeza, na chuo kikapotea. Kilichosalia kilitoka kinywani. Muhammad bin Fumo Omari Nabahani, ambaye watu walimwita Bwana Kitini, alikuwa ameipokea tarikhi kutoka kwa babu yake, naye akaisimulia na kuiandikisha. Stigand aliichapisha kwa Kiingereza mwaka 1913. Alice Werner akatoa matini ya Kiswahili na tafsiri mwaka 1914 na 1915. Heepe akatoa yake Ujerumani mwaka 1928. Miswada mingine minne iliyohifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilihaririwa na Marina Tolmacheva mwaka 1993. Mtu akizihesabu ataona utajiri. Akizifuatilia nyuma, ataona kwamba nyingi zinarejea kwa mzee yule mmoja.

Hili si jambo dogo. Tarikhi inaweka mwanzo wa utawala wa Nabahani mjini Pate mapema katika karne ya 13. Mwaka 1969 Neville Chittick, mwanaakiolojia, aliuchunguza upya ushahidi akasema kwamba tarehe hizo ni za mapema mno. Haitoshi kumjibu kwamba matini kadhaa zinaafikiana. Watoto wa mzazi mmoja hawawi mashahidi kumi kwa kuwa ni kumi. Kama ndani ya jumba la Witu palikuwa na nakala nyingine za chuo, moto haukuzibagua. Zote zilikuwa chini ya paa moja. Vivuli thelathini vya Langoni vilikuwa katika hali hiyo hiyo, ndani ya mashine moja, juu ya meza moja, chini ya paa moja.

Kinyume chake ni Muhamadi bin Abubakari Kijumwa, mwandishi na mchongaji wa Lamu aliyefariki mwaka 1945. Aliwanakilia tenzi Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, na nakala hizo zikavuka bahari hadi Uingereza na Ujerumani. Wapo wanaomlaumu kwa kuwa nakala zake za utendi mmoja hazifanani neno kwa neno. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, kwani alikuwa mshairi, na mshairi hawezi kunakili bila mkono kumwasha. Lakini kila nakala yake ilikuwa chuo kizima. Haikumhitaji mzazi wake ili isomeke. Ungeteketea mji wote wa Lamu, utendi wa London ungesomeka London.

Je, umbali watosha? Mapema katika miaka ya 2010, miswada ya msikiti wa Riyadha mjini Lamu ilipigwa picha kwa msaada wa mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini, na picha zikawekwa London. Mwezi wa Oktoba 2023 wadukuzi waliivamia maktaba hiyo, wakafunga mitambo yake na kuidai fidia. Makusanyo mengi ya kidijitali hayakuweza kufikiwa kwa miezi mingi. Ripoti iliyotolewa na maktaba yenyewe Machi 2024 ilieleza jambo la kutia fikra: nakala salama za makusanyo ya kidijitali zilikuwapo, lakini mitambo ya kuzirudishia ilikuwa haipo, maana ya zamani iliharibiwa na mipya haikuwa tayari. Chuo kilikuwapo, meza ya kukifungulia haikuwapo. Wadukuzi wa namna hii, kwa desturi yao, huvitafuta vivuli na nakala za akiba kwanza na kuvifuta kabla ya kudai fedha, na ndiyo sababu mafundi wa sasa huweka vivuli visivyoweza kufutwa hata na msimamizi mwenyewe hadi muda uliopangwa upite. Mradi huo wa maktaba ulikuwa umeweka sharti kwamba karatasi za asili zisihame, na nakala za picha zibaki pia katika nchi zilikotoka. Katika miezi ile ya giza, sharti hilo lilikuwa na thamani kuliko mitambo yote ya London.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na kijana wa Langoni alinunua daftari. Ni daftari la kawaida la karatasi, lenye jalada gumu. Safu zake ni jina la kivuli, tarehe na saa, mzazi wake, aliyekipiga, sababu, na siku ya kukiondoa. Hapigi tena kila usiku. Hupiga pale tu kuna jambo la hatari, kama vile kubadili toleo la programu au kupanga upya majalada, na likishapita salama hukiondoa kabla ya siku tatu. Nakala ni jambo jingine, lenye kurasa zake. Kila mwezi diski yote hunakiliwa nzima mara mbili: moja hubaki nyumbani ndani ya kabati, nyingine hupelekwa kwa binamu yake Mombasa. Mara ya kwanza alimtaka binamu aifungue yote katika mashine ya kwake, ukurasa kwa ukurasa. Picha tatu zilikataa. Karatasi zikatolewa sandukuni, zikapigwa upya.

Ami hajajifunza kuitumia tarakilishi na hana haja. Daftari ndilo analolisimamia, na hulijaza kwa hati za Kiarabu, jambo ambalo huwapa tabu kidogo wale wanaotaka kulikagua. Mstari wa karibuni unasema kwamba kivuli kilichopigwa Jumatatu kimeondolewa Jumatano, nakala iko Mombasa, na karatasi iko sandukuni. Chini yake ametia jina lake na tarehe, na juu ya jina ameandika tamati.